Mkwaruzo wa Silinda ya Tatu

Juzi, baada ya sala ya alasiri, kijana mmoja anayefundisha sasa kwenye kile chuo cha ufundi nilichokitumikia mimi alinishika mkono nje ya msikiti, hapa mtaani kwetu Buyenzi, akaanza kunieleza shida zake. "Mzee Shabani," akasema, "hawa watoto hawataki kitu. Niko naongea, wao wako kwa telefoni. Nawauliza, wananiangalia tu. We ulikuwa unafanya namna gani?" Nikamwambia aje nyumbani tunywe chai, nitamweleza. Hakuja. Labda aliogopa nitamhubiria. Basi naandika, ili yeye asome, na nyinyi wengine mnaoanza kazi hii msome, na nyinyi wanafunzi mnaopenda viti vya nyuma mkipata nafasi msome pia.

Kwanza niwaambie kwamba nilikuwa mtu wa hasira. Sikuwa napiga mtu, nilikuwa nanung'unika. Mke wangu alijua siku ilivyokwenda kwa jinsi nilivyolifunga geti. Nikilibamiza, alikuwa ananiletea maji ya kunywa na kuniacha peke yangu mpaka nimalize kuwasema wanafunzi wangu mmoja baada ya mwingine, kwa majina.

Nilifundisha injini za magari kwa zaidi ya miaka thelathini, kwenye karakana iliyo karibu na Zone Industrielle, eneo la viwanda, ambako malori yanapita siku nzima mpaka unajifunza kufundisha kwa kupiga kelele. Wengi wa wanafunzi wangu hawakuja kwa kupenda. Alama zao za mtihani ndizo zilizowaleta. Mmoja alitaka udaktari, mwingine alitaka sheria, mwingine alitaka kwenda Ulaya tu, na wote wakajikuta mbele yangu wamevaa ovaroli. Ukiwauliza kwa nini wanasoma mekanika, wanatazama dari.

Kulikuwa na kijana akiitwa Fabrice, mtoto wa Kibenga, kule kwenye nyumba za matajiri kando ya ziwa. Ovaroli yake ilikuwa inapigwa pasi. Ilikuwa na mstari mbele ya mguu, umenyooka, na mwisho wa mwaka mstari ulikuwa bado upo. Huyu Fabrice alikuwa na kipaji: niliposoma majina asubuhi, aliwajibia wenzake wasiokuwepo. "Présent!" kwa sauti nene, "présent!" kwa sauti ya mafua. Siku moja akamjibia msichana, kwa sauti nyembamba kabisa, darasa zima likaanguka kicheko. Mimi nikaandika kwamba msichana yupo. Niliona sauti imestahili.

Kwa hiyo niliamini kwamba nawajua. Nilikuwa na dalili zangu. Mikono ilikuwa ya kwanza. Mtu aliyefanya kazi kwenye injini hawezi kuondoka na kucha nyeupe. Mafuta yaliyokauka hayatoki kwa sabuni peke yake, inabidi uchanganye sabuni na sukari kidogo, usugue taratibu, ndipo uoshe. Niliweka kopo la sukari pale kwenye bomba. Kuna miaka kopo lile lilimaliza muhula mzima bila kupungua, isipokuwa kwa sababu ya sisimizi, na mimi nilikuwa nikilitazama kila jioni na kukasirika upya.

Mimi mwenyewe sikujifunzia chuoni. Nilijifunzia kwa Fundi Athumani, Mungu amrehemu, kwenye gereji iliyokuwa ua wa nyumba, huku kuku wakipita chini ya magari. Alikuwa anasikiliza injini kwa bisibisi ndefu: ncha anaiweka kwenye chuma, mpini sikioni, macho amefumba. Alikuwa anaweza kukuambia ni valvu gani inayogonga. Mwaka wangu wa kwanza alinipa gari ya teksi nirekebishe nafasi za valvu. Siku iliyotangulia nilikuwa nimerekebisha nyingine ya aina ileile, sasa nikajiambia, kwa nini nisumbuke kutafuta kipimo kwenye kitabu, nikaweka kama ya jana. Hazikuwa injini moja. Wiki ya tatu teksi ikarudi inavutwa kwa kamba, valvu mbili zimeungua.

Fundi Athumani hakunigombeza. Alinipa valvu mpya, unga wa kusagia na kile kijiti cha mpira, akaniambia nizisage mpaka zikae. Ile kazi unakizungusha kijiti katikati ya viganja, mbele nyuma, mbele nyuma. Nilisaga siku mbili. Viganja vilitoa malengelenge. Siku ya pili jioni akaja, akachuchumaa, akasema, "Shabani, gari ya jana ilikuwa ya jana. Hii we uliifungua? Uliiangalia?" Nikasema apana. Akaondoka kwenda kuswali.

Niliwasimulia wanafunzi wangu kisa hicho kila mwaka. Nilikuwa najipenda sana nikikisimulia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mtihani wa vitendo, ambao sisi tuliuita TP, ulikuwa kupima silinda. Kwa wasiojua, silinda ni lile tundu ambamo pistoni inapanda na kushuka, na injini yetu ya kufundishia ilikuwa nazo nne, zote katika pande moja la chuma tunaloliita bloku. Injini ikifanya kazi miaka mingi tundu linalika, hasa sehemu ya juu, pale ringi za pistoni zinapogeukia. Kwa hiyo unapima juu, katikati na chini, kwa pande mbili, kwa kipimo chenye sindano kama ya saa. Kwanza unafuta mafuta, kwa sababu tone moja linatosha kukudanganya. Mwisho unapitisha ukucha ndani, polepole, kuzunguka. Ukucha ukipita bila kukwama, mshukuru Mungu. Ukikwama, kuna mkwaruzo, na bloku inahitaji kuchongwa upya.

Bloku yetu ilikuwa na mkwaruzo kwenye silinda ya tatu, chini, upande wa ndani, urefu wa kidole. Bila tochi huuoni. Nilikuwa nimeupenda ule mkwaruzo, kwa sababu ulinifanyia kazi. Mwanafunzi aliyeuandika, nilijua ameinama akatafuta. Asiyeuandika, nilijua alikuwa anapiga soga. Niliposahihisha ripoti, Jumamosi barazani kwangu, nilikuwa naruka hadithi zote na kwenda ukurasa wa tatu. Silinda ya tatu, mkwaruzo upo? Upo. Kumi na nne, kumi na tano juu ya ishirini, saini, weka pembeni.

Mwaka ule darasa lilikuwa na watu ishirini na sita. Ripoti ishirini na tano zilikuwa zimechapwa kwa mashine, zina jalada la plastiki, na zote zilikuwa na mkwaruzo. Nilishangaa kidogo, maana lilikuwa darasa la hovyo kuliko yote niliyowahi kufundisha. Nikajisemea, labda wameanza kukua.

Ya ishirini na sita ilikuwa ukurasa mmoja, imeandikwa kwa kalamu, ina alama ya kidole cha mafuta pembeni. Ilikuwa ya Mwanaidi.

Mwanaidi alikuwa mtoto wa hapahapa Buyenzi. Baba yake alikuwa amefariki, na alilelewa na ami yake, Mzee Nasoro, watu wenye asili ya Oman, wauza vipuri tangu babu zao. Mwanzoni mwa mwaka Mzee Nasoro alimleta mwenyewe. Hakupenda msichana asome mekanika, na alisema wazi, mbele ya binti: "Mwalimu, nimemupa mwaka moja. Akipita, ataendelea, mi sitasema kitu. Akianguka, atarudi kwa duka, na maneno ya shule itakuwa imeisha." Mwanaidi alikuwa ametazama chini. Nami nilimwona mwaka mzima hivyohivyo: anachelewa, anakaa nyuma, haulizi, ushungi wake ameuchomeka ndani ya ovaroli. Nikamweka kwenye fungu la wale waliokuja kwa sababu nyumbani kunachosha.

Ripoti yake ilikuwa na vipimo ishirini na vinne, na chini yake sentensi hii: "Silinda zote nne ziko sawa. Mukwaruzo hakuna."

Nilikasirika. Watu ishirini na tano wameuona, wavivu wote wale, na yeye hata kuinama hakuinama. Nikampa nne juu ya ishirini. Na kwa kalamu nyekundu, kwa Kifaransa, maana hasira yangu ya kikazi siku zote ilikuwa inatoka kwa Kifaransa, nikamwandikia: Ouvrez les yeux, mademoiselle. Fungua macho, binti.

Ile nne ilimwangusha mwaka. Alama zilibandikwa ukutani, akaja, akasoma, akaondoka. Hakuja kulalamika. Nikasema moyoni, unaona, hata kulalamika wanaona uvivu.

Siku chache baadaye mwalimu mwenzangu mmoja kijana alinishauri niweke picha kwenye maandishi ya somo, eti siku hizi mwanafunzi hasomi kitu kisichokuwa na picha. Nikaona si vibaya. Nikaenda karakana na telefoni yangu kupiga picha ya mkwaruzo wangu. Alikuwepo Déo, mtunza stoo, mtu mpole ambaye alikuwa anafagia pale pasipo na uchafu. Nikawasha taa ya telefoni, nikainama kwenye silinda ya tatu. Nikatafuta. Nikafuta mafuta kwa kitambaa, nikatafuta tena. Nikapitisha ukucha kuzunguka, juu mpaka chini. Ukucha ukapita.

"Mwalimu, uko unatafuta nini?" Déo akauliza.

"Mukwaruzo."

"Mukwaruzo gani?"

"Déo, mukwaruzo wa silinda ya tatu! Kwani iko wangapi?"

Akaegemea ufagio. "Yoo, mwalimu. Ile bloku si ilianguka? Wakati wa vakansi, shule imefungwa, tulikuwa tunahamisha vitu, ikaanguka, ikapasuka. Ndo wakatuletea hii. We ulikuwa umeenda Rumonge. Uliporudi nilikuletea karatasi, ukasaini."

"Lini hiyo?"

Akahesabu kwa vidole. "Inaenda miaka saba."

Nikakaa juu ya tairi. Nilikumbuka karatasi, kwa mbali, kama unavyokumbuka kusaini chochote. Miaka saba wanafunzi wangu walikuwa wanaandika mkwaruzo ambao haukuwepo, wanarithishana ripoti, kaka anampa mdogo wake, wa mwaka wa tatu anampa wa mwaka wa pili, na mimi miaka saba naweka kumi na nne na saini. Nikaenda nikazitoa zile ishirini na tano kabatini. Sasa niliposoma kurasa zote niliona mengine. Moja ilikuwa na namba ya bloku iliyopasuka. Nyingine, ya Fabrice, ilikuwa na jina la kaka yake kwenye ukurasa wa nne, alisahau kulibadilisha. Kaka yake nilikuwa nimempa kumi na sita.

Niliona aibu. Ninawaambia hivyohivyo, bila kuipamba. Na jambo la pili lililonijia, baada ya aibu, lilikuwa kwamba Déo hakuelewa maana ya aliyoyasema, na mtu mwingine hakuwepo. Ningeweza kufunga karakana, nikabadilisha mtihani mwaka unaofuata, na mambo yakapita kimya. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nililifikiria jambo hilo njia nzima ya kurudi nyumbani, na sikulikataa haraka kama ambavyo ningependa muamini.

Kesho yake nilikwenda kwa mkurugenzi. Alikuwa mtu wa utaratibu, kalamu zake zimepangwa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Monsieur Shabani," akasema, "kikao cha alama kimeisha. Procès-verbal, karatasi ya kikao, imesainiwa. Huyu binti atarudia mwaka, haitakuwa mwisho wa dunia."

"Hatarudia. Ami yake anamutoa."

"Bon. Lakini angalia. Ukisema yake ni ya kweli, unasema zingine zote ni za uongo. Watoto ishirini na tano. Wazazi wao watakuja hapa, wa Kibenga, wa Mutanga Nord, wote, na watauliza nani alisaini. Utawajibu nini?"

"Nitawajibu ni mimi."

Akanisogezea karatasi na kalamu. "Basi andika. Bila karatasi siwezi kufanya kitu."

Niliandika palepale, kwenye kona ya meza yake. Nimeandika vitabu vizima vya somo katika maisha yangu, lakini ile barua ya mistari mitano ilinichukua asubuhi nzima. Nilisema nilitoa alama kwa ripoti ambazo sikuzisoma, juu ya bloku ambayo sikuitazama, na kwamba mwanafunzi mmoja aliyesema ukweli nilimwangusha. Niliomba darasa zima lifanye TP upya. Mkurugenzi akaisoma, akanisahihishia kosa moja la Kifaransa, akapiga muhuri. Barua ya onyo nilikuja kupewa baadaye, nayo ilikuwa ya haki.

Ilibaki kwenda kwa Mzee Nasoro. Huko ndiko nilikoogopa zaidi.

Duka lake lilikuwa limejaa mpaka juu, ringi, gasketi, filta, ukienda haraka unaangusha kitu. Mwanaidi alikuwa nyuma ya kaunta anapanga bolti kwa ukubwa. Aliponiona akanisalimu vizuri, akaendelea na bolti. Mzee Nasoro akaagiza kahawa, akaniuliza habari za nyumbani, za mke, za wajukuu, mpaka zikaisha habari zote.

"Mzee Nasoro," nikasema, "nimekuja kwa ajili ya ile nne."

"Ile nne niliiona. We mwenyewe uliandika."

"Niliandika. Nilikosea."

"Ulikosea namna gani? Mutu wa miaka yote hiyo?"

Nikamweleza. Bloku, ukucha, ripoti za kurithi, yote. Mwanaidi alikuwa ameacha kupanga bolti lakini hakugeuka. Mzee Nasoro akasukuma kikombe chake pembeni.

"Mi nilimuambia huyu mutoto kwamba hana akili ya shule," akasema. "Nilimuambia hapa, mbele ya wateja. Nilisema, wenzako wote wameona, we peke yako hukuona. Sasa unaniambia nini, mwalimu? Maneno yangu niirudishe wapi?"

Nilisema tu, "Kosa ni yangu, si yako."

"Na darasa wanajua?"

"Bado."

"Basi ukaseme kule, mbele yao. Hapa kwangu umesema, nimesikia, lakini hapa hakuna mutu." Akasimama, akanipeleka uani, akanionyesha bloku moja iliyofunikwa gunia, imejaa kutu kwa nje. "Ile yenu mushaijua, utawapima nini? Chukua hii. Nimeinunua na vyuma vingine, sijaifungua. Hata we usiifungue kabla yao. Mufungue pamoja. Mwanaidi atakuja."

Tuliipakia kwenye pikapu ya jirani.

Siku ya kurudia, ishirini na tano walikuja wamevimba. Fabrice aliwasemea: "Prof, hii si haki. Tulishapita." Nikapanda juu ya kreti, kwa sababu mimi ni mfupi, nikawaambia yote. Niliwaambia kwamba wao walinakili na mimi nilisaini, kwamba katika karakana hii kwa miaka saba mtu mmoja tu alitazama ndani ya silinda ya tatu, na mtu huyo nilimpa nne. Nikamtaja jina na kumwomba msamaha mbele yao. Waligeuka kumtazama. Yeye alikuwa anakunja mikono ya ovaroli.

Halafu kikatokea kitu ambacho kijana wa msikitini angekisikia kama angekuja kunywa chai. Tulifungua ile bloku, na wakaniuliza, "Prof, hii iko na nini?" Nikawaambia sijui. Walidhani nawatania. Nikaapa sijui. Basi wakaanza kuinama. Kikundi kimoja kikasema silinda ya kwanza imelika juu, kingine kikasema apana, hamkufuta mafuta. Wakapima tena. Wakabishana juu ya sindano ya kipimo mpaka jasho. Waliniita mimi nitazame, nami nikavaa miwani nikatazama, na mara mbili mimi ndiye niliyekosea. Fabrice alilala chali chini ya bloku ili aone upande wa chini, na ovaroli yake ikapata doa la kwanza katika maisha yake. Adhuhuri ilipita bila mtu kuulizia chakula. Nilikuwa nimewafundisha mwaka mzima na nilikuwa sijawahi kuwaona.

Siwadanganyi kwamba wote waligeuka. Mwaka mpya wa masomo ulipoanza Fabrice alikuwa anajibia watu wasiokuwepo kama kawaida. Sita walianguka, wakarudia mwaka, na wazazi wa wawili walikuja wakanisema, nikawasikiliza. Lakini tangu siku ile mpaka nilipostaafu sikutoa tena mtihani ambao jibu lake ninalo mfukoni. Nilikuwa nazunguka Buyenzi kuomba bloku mbovu kwa mafundi, miaka ile miwili iliyobaki, mpaka wakanipa jina la utani ambalo silitaji hapa.

Mwanaidi alipata kumi na saba. Kikao kilikaa tena, akapita, na Mzee Nasoro alitimiza neno lake.

Jioni ile wenzake walipokwisha kuondoka alibaki kunisaidia kufuta vipimo na kuvirudisha kwenye masanduku yake. Nilikuwa na furaha, na mtu akiwa na furaha anauliza maswali ambayo angeyaacha.

"Mwanaidi," nikamwambia, "ulijua kwamba mkwaruzo hakuna. Kwa nini hukuja kuniambia? Ningetazama."

Akaendelea kufuta. "Nilikuita, mwalimu."

"Lini?"

"Siku ya TP. Nilikuita, ukasema nimalize kwanza. Nikakuita tena, ukasema, iko, angalia muzuri. Mara ya tatu nilikuja kwa meza yako na tochi yangu. Nikasema, njoo tuangalie wote. Ulikuwa uko unasaini makaratasi. Ukachukua tochi, ukasema asante, ukaiweka kwa droo."

Nikamwambia apana, haiwezekani, ningekumbuka. Hakubishana. Nikaenda kwenye meza yangu, nikavuta droo. Chini ya orodha za majina kulikuwa na tochi ndogo ya buluu, na kwenye mpini wake kipande cha plasta kimeandikwa kwa kalamu: Mwanaidi.

Nikampa. Akaibonyeza, haikuwaka. "Ni betri tu," akasema, akaitia mfukoni, akaniaga.

Nakumbuka sauti zote za Fabrice. Nakumbuka harufu ya unga wa kusagia valvu kwa Fundi Athumani. Lakini msichana amesimama mbele ya meza yangu, tochi mkononi, ananiomba nije tutazame pamoja, nimemtafuta kichwani mwangu miaka yote hii na sijamwona.